Majaketi Tunayoyahesabu Bila Kuyapima

Mwezi Julai mwaka jana nilikuwa Chiwanda, kusini mwa Mbamba Bay, kwa shughuli ya kifamilia isiyohusiana kabisa na makala haya. Asubuhi moja ufukweni nilimkuta mwenye boti akihesabu majaketi okozi kwa kidole, kama mwalimu wa darasa la kwanza ahesabuvyo watoto baada ya mapumziko. Alikuwa akijiandaa kupeleka abiria na magunia ya muhogo Mbamba Bay. "Kumi na mawili," akasema, "tumetimia." Majaketi yenyewe yalikuwa yamefungwa bunda kwa kamba ya manila, yamelazwa mbele chini ya turubai, na juu ya turubai palikuwa na magunia. Nikamwuliza kama kati ya hayo kumi na mawili lipo hata moja lililowahi kuingia majini. Alinitazama kwa upole tunaowapa wageni wasioelewa mambo.

"Mwalimu, likishaingia majini si ndiyo ajali yenyewe?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka. Lakini katika mzaha ule kuna falsafa nzima ya namna tunavyoendesha mambo ya usalama nchini. Kiatu ukinunua unakijaribu. Redio inawashwa dukani mbele ya macho yako, na muuza tochi asiyekuwa na betri za kujaribia hauzi kitu. Jaketi okozi, ambalo siku yake ya kwanza ya kazi inaweza kuwa siku ya mwisho ya aliyelivaa, linanunuliwa likiwa bado ndani ya nailoni, linahesabiwa, na hesabu ikitimia boti inaondoka.

Niliamua kuyajaribu. Niseme mapema kwamba huo haukuwa utafiti. Mimi ni mtu wa utawala wa umma, si mhandisi, na nilichokifanya kingekataliwa na jarida lolote la kitaaluma, tena kwa haki. Nilirudi baada ya wiki chache nikiwa na majaketi matatu niliyoyanunua mjini katika maduka tofauti, yote kutoka nje ya nchi, yote yakiwa na lebo inayodai uwezo uleule. La rangi ya chungwa lilinigharimu Sh. 25,000, la bluu Sh. 30,000, na la kijani, lililokuwa na mfuko wa kuwekea simu na utepe unaong'aa mabegani, Sh. 60,000. Mwenye boti aliniazima la nne kutoka katika bunda lake, lililokuwa limepauka kwa jua hata rangi yake ya asili ikawa haijulikani.

Lazima kwanza tuelewane juu ya dai lenyewe. Kwenye lebo ya jaketi la mtu mzima hukuta namba, mara nyingi 50, 100, 150 au 275, ikifuatiwa na herufi N. Hiyo ni nyutoni, kipimo cha nguvu, na hapa maana yake ni nguvu ya jaketi kusukuma kwenda juu. Nyutoni 100 ni sawa na kuuzuia usizame uzito wa takriban kilo 10. Msomaji atauliza kilo kumi zitambebaje mtu wa kilo sabini. Zinambeba, kwa sababu mwili wa binadamu unakaribia kuelea wenyewe. Kazi ya jaketi ni kukinyanyua kichwa, mdomo na pua vikae juu ya maji. Viwango vya kimataifa vya ISO 12402 vinaeleza kuwa 50 ni kwa anayejua kuogelea, aliye karibu na ufuko na msaada ukiwa jirani. 100 ni kwa maji yaliyotulia. 150 ni kwa maji ya wazi. Kanuni za meli za kimataifa zinakwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi zilitaka jaketi limgeuze mtu aliyezimia alale chali, uso juu, ndani ya sekunde 5, na bado zinataka kwamba likikaa saa 24 katika maji baridi lisipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake ya kuelea.

Sharti hilo la saa 24 lina uzito wa pekee kwetu. Katika bahari za kaskazini mtu aliyeanguka majini huuawa na baridi ndani ya muda mfupi, jaketi liwe zuri au baya. Ziwa Nyasa halina baridi ya namna hiyo. Aliyeelea jioni anaweza kuwa hai alfajiri, kama kilichomwelesha jioni bado kinamwelesha alfajiri. Na ziwa hili si bwawa. Kina chake kinafikia takriban mita 700, na kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi unaweza kulibadilisha ndani ya saa moja. Tarehe 30 Julai 1946 dhoruba iliipindua meli ya Vipya, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kazi, karibu na Chilumba upande wa magharibi, na watu 145 wakafa. Leo tunayo MV Mbeya II, iliyozinduliwa 2021, nasi tunashukuru. Lakini mama wa Chiwanda anayekwenda msibani kijiji cha tatu hasubiri meli. Hupanda boti ya mbao yenye mashine moja nyuma. Mvuvi wa usipa hutoka jua likizama, na ana taa, nyavu na Mungu. (Sisi na Malawi hatujakubaliana hadi leo mpaka upite wapi katika maji hayo. Sijawahi kusikia ubishi wa namna hiyo juu ya nani awajibike kwa wanaozama humo.)

Turudi ufukweni. Tulianza alfajiri, kabla upepo haujaamka. Nilikuwa nimepanga kila kitu: mzani wa samaki, kamba, na mfuko wa wavu nitakaojaza mawe ya kilo 10. Jaketi likiubeba mfuko, dai la lebo ni kweli. Likizama, ni uongo. Tuliingia majini kwa mtumbwi hadi mahali penye kina. Jaketi la kuazima lilizama papo hapo, tukalivuta kwa kamba. Lakini yale matatu mapya yote yalielea, na mfuko wa mawe ukining'inia chini yake. Nakiri kwamba moyoni niliona kama nimeaibishwa. Nilikuja na hukumu yangu tayari, makala nimeshaiandika nusu kichwani, na bidhaa za bei nafuu zimefaulu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa nyuma ya mtumbwi akishika kafi. Hakuwa amesema neno tangu tuamkiane. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumvunjia mwenzake heshima: "Mwalimu, hayo mawe umeyapima wapi?" Nikamjibu, nchi kavu. "Jiwe la nchi kavu si jiwe la majini," akasema. "Sisi tunafunga mawe kwenye nyavu. Ukilivuta linakuwa jepesi mpaka litoke juu, hapo ndipo linakuwa jiwe."

Archimedes nilifundishwa kidato cha pili. Mwamba wa kawaida ukiwa ndani ya maji hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kilo zangu 10 zilikuwa zimebaki kama 6. Kipimo changu kilikuwa kimeyapendelea majaketi, na bila mzee yule ningerudi na kuandika kwa ujasiri kwamba yote ni salama, nikiwa na shahada yangu ya uzamivu. Chuma hupoteza kidogo tu, kama sehemu moja ya nane. Tukaazima mawe ya mizani ya chuma kwa mwenye duka na kuanza upya. Ili kupata kilo 10 ndani ya maji tulihitaji kilo 11 na nusu za chuma.

La chungwa, lile la Sh. 25,000, lilibeba kilo zote 11 na nusu, na mgongo wake ukabaki juu ya maji. La bluu nalo lilibeba. La kijani lilibeba kilo 7. Tulipoongeza ya nane likashuka taratibu, utepe wake ukiendelea kung'aa hadi tukaacha kuuona. Kwa hesabu ya harakaharaka hiyo ni kama theluthi mbili ya kilichoandikwa kwenye lebo.

Kisha kijana mmoja mwogeleaji hodari alikubali kuyavaa na kujilegeza kama aliyezimia, mitumbwi miwili ikiwa pembeni yake. La chungwa lilimgeuza, polepole kuliko sekunde 5, lakini lilimgeuza. La bluu, ambalo halina ukosi wala sponji nyuma ya shingo, lilimwacha amelala kifudifudi, mgongo juu kavu kabisa, uso ndani ya maji. Alijiinua mwenyewe akicheka. Aliyezimia hawezi kujiinua. Jaketi lile lilikuwa limesema kweli juu ya nguvu yake ya kuelea, na kweli hiyo haikuusaidia uso.

Usiku tuliyafungia majini, tukayawekea mawe ili yasielee tu juu juu. Asubuhi la chungwa na la bluu yalikuwa yaleyale. La kijani lilizamishwa na kilo 5. Tulipolivua lilichuruzika maji kama nguo iliyofuliwa, nasi tukalichana kwa kisu cha samaki. Mbele, palipogusika dukani, palikuwa na sponji ngumu isiyonyonya maji, ya kutosha kumridhisha mnunuzi anayebonyeza kwa kidole. Nyuma palijazwa vipande vya sponji ya godoro, vya rangi tatu tofauti. Kifungo chake cha plastiki kilivunjika mvuto wa pili.

Nikubali kwamba matokeo haya hayanipi hotuba niliyoitaka. Nilitaka kusema kuwa cha bei nafuu ni kibaya, na kwamba kitokacho mbali hakina dhamana. Kilichofaulu vizuri kuliko vyote kilikuwa cha bei ya chini kabisa, na kilichonidanganya kilikuwa cha bei ya juu, na vyote vilikuja kwa njia ileile ya bandari. Bei haikuniambia kitu, wala nchi ya asili, wala lebo. Sasa mtu wa Chiwanda anayesimama dukani na fedha ya mauzo ya wiki mbili achague kwa kigezo gani? Tunapenda kumwambia "epuka bidhaa zisizo na ubora". Ni kama kumwambia aepuke mbegu isiyoota wakati haruhusiwi kuipanda kwanza.

Udanganyifu huu hauna kabila. Tarehe 15 Juni 1904 meli ya General Slocum iliungua mjini New York ikiwa na waumini wa kanisa moja waliokuwa kwenye matembezi, na watu zaidi ya 1,000 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Meli ilikuwa imekaguliwa na kupasishwa mwezi mmoja tu kabla. Maboya ya kuvaa yalikuwapo kwa idadi ya kutosha, lakini mengi yalikuwa yameoza. Baadaye ikagundulika kwamba kiwanda kimoja cha Marekani kilikuwa kikificha vipande vya chuma ndani ya maboya yaliyopaswa kujazwa lile gome jepesi la mti litengenezewalo vizibo vya chupa. Kwa nini chuma? Kwa sababu kanuni ilitaka uzito fulani wa gome katika kila boya, na mkaguzi alipima uzito. Mwenye kiwanda akampa uzito. Kila mwaka wanafunzi wangu hunisikia nikisema kwamba watu hutoa kile kinachopimwa. Sijawahi kuwa na mfano wa kutisha kuliko huu.

Na mambo hayo hayakwisha 1904. Januari 2016 polisi wa Uturuki walikamata katika karakana moja ya Izmir majaketi bandia 1,263, yaliyojazwa vitu vya kufungashia bidhaa vinavyonyonya maji, yaliyokuwa yauzwe kwa wakimbizi wanaovuka kwenda Ugiriki. Machi 2020 Uholanzi ililazimika kuziondoa hospitalini barakoa zipatazo 600,000 zilizoagizwa kutoka China. Zilikuwa zimekuja na cheti cha ubora. Zilipopimwa, hazikuukaa uso sawasawa na vichujio vyake havikufanya kazi. Waholanzi walipata hasara na aibu, lakini walijua, na walijua kwa sababu mtu alizipima baada ya kupokea cheti.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma. Vyombo tunavyo. Shirika la Viwango lipo tangu 1975, na tangu 2012 lina utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zitokako kabla hazijapakiwa. Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya bidhaa bandia. TASAC, iliyoanzishwa 2018, ina dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, vidogo kwa vikubwa. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi kilichouziwa. Sidai kwamba maofisa wa vyombo hivi wamelala; wengine nimewafundisha na ninajua wanavyojituma. Hoja yangu ni finyu zaidi. Cheti kinahusu sampuli iliyopimwa siku moja mahali fulani. Jaketi lililopo Mbamba Bay ni kitu kingine, kimepita mikono mingi, kimekaa juani, na ndilo abiria atakalolivaa. Nani analipima hilo?

Kwa kofia ngumu za bodaboda kuna udhuru. Ili ujue kama kofia inafaa ni lazima uiangushe kwa kasi juu ya chuma na kupima mshtuko unaofika kichwani, na ukishafanya hivyo umeiharibu. Inahitaji maabara na vifaa vya fedha nyingi. Jaketi okozi haliharibiki kwa kupimwa. Linataka maji, ambayo Chiwanda wanayo, kilo 11 na nusu za chuma, kamba, na usiku mmoja. Kila mwalo una mzani. BMU wana daftari. Mtu mmoja kutoka wilayani akija mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na baada yake, akalipima kila jaketi na kulipiga mhuri wa wino usiofutika wenye tarehe na kilo lilizobeba, mnunuzi na abiria watakuwa wamepata taarifa ambayo lebo haikuwapa. Na Shirika la Viwango likinunua majaketi dukani kama mteja wa kawaida, likayapima, kisha likatangaza matokeo kwa jina la bidhaa na toleo lake, mwagizaji atakuwa na sababu ya kujipima mwenyewe kabla hajapimwa.

Nimewahi kujibiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba ukianza kuyakataa majaketi mabovu watu watabaki bila kitu, na jaketi bovu ni afadhali kuliko kifua wazi. Hoja hii siidharau. Hata lile la kijani, kwa saa ya kwanza, lingemsaidia mwogeleaji aliye karibu na ufuko. Lakini mvuvi asiye na jaketi anajua kwamba hana, na akiliona wingu la kusini anasubiri. Aliye na jaketi la uongo huenda. Na mwenye boti mwenye majaketi kumi na mawili ya uongo hupakia abiria kumi na wawili kwa dhamiri safi. Ndiyo maana sisemi yachomwe. Nasema yaandikwe kilo yanazobeba, na yale yaliyo chini ya kiwango yasiingie katika hesabu ya boti.

Mzee wa kafi alikuwa na matumizi mengine. Alilichukua lile jaketi lililopauka akalikata vipande vya ukubwa wa kiganja, akavitoboa na kuvifunga juu ya wavu wake mahali pa vipande vya ndala vilivyokuwa vimechakaa. La chungwa nililiacha kwake, na la bluu kwa BMU, likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: linaelea, haligeuzi. La kijani nimerudi nalo Dar es Salaam. Liko ofisini kwangu nyuma ya mlango, limechanika mgongoni, lebo yake bado inasomeka vizuri. Chombo chochote kinachotaka kuliona kinakaribishwa siku yoyote ya kazi, na risiti ninayo.